Mji wa Chuo: Tumejua Kuwauzia, Hatujajua Kuwauliza

Mhadhara uliotolewa Morogoro mbele ya wakazi na wanachuo



Nimeombwa nizungumze juu ya raha na karaha za kuishi katika mji wa chuo. Nitazungumza kama mkazi. Sifundishi chuoni wala sijaajiriwa huko. Nina nyumba Mafiga, na uani kuna vyumba ninavyowapangisha wanafunzi. Kwa hiyo mkinisikia nawasema wenye nyumba, jueni nimo. Na mkinisikia nawatetea, msiniamini upesi.

Hoja yangu nitaisema mapema ili anayetaka kuipinga aanze kujiandaa. Mji wa chuo unaweza kuchuma vitu viwili kutoka chuoni: fedha na maarifa. Fedha tumeshajua kuzikinga, tena kwa mikono miwili. Maarifa yanapita barabarani kwetu kila siku, yamebebwa kwenye mabegi ya mgongoni, nasi hatuyabishii hata hodi. Karaha nyingi tunazozinung'unikia zinatokana na hapo. Tumemfanya mwanachuo kuwa mteja, na mteja akishaondoka hakuachii kitu isipokuwa chenji.

Mji uliopoteza viwanda ukapata vyuo

Morogoro tunaiita mji kasoro bahari. Tuna milima ya Uluguru mgongoni, tuna mito, tuna matunda na mboga za kulisha hadi Dar es Salaam, na tuna historia ya muziki wa dansi ambayo miji mikubwa zaidi yetu inaionea wivu. Lakini vijana wengi waliopo ukumbini hawajui kwamba kwa miaka mingi mji huu haukujulikana kwa vyuo. Ulijulikana kwa viwanda.

Wazee mnaukumbuka mji huo. Palikuwa na kiwanda cha viatu, cha turubai, cha ngozi, cha magunia, cha vitambaa vya polista. Serikali iliitaka Morogoro iwe mji wa kuzalisha. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa matumaini ya kuvisha miguu hadi Ulaya, na hakikuwahi kuukaribia uwezo kilichojengewa. Vingine vilichechemea katika miaka ya 1980, na ulipofika ubinafsishaji wa miaka ya 1990 vingi vilifungwa au vikabadili mikono. Majengo mengine yamebaki, na mabango yake yamefifia.

Wakati viwanda vinazima, vyuo vilikuwa vinawaka. Mwaka 1965 palianzishwa hapa chuo cha kilimo. Baadaye kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kwa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 12 mwaka huohuo katika mkoa wetu, akitokea Dodoma. Kule Mzumbe, shule iliyoanzishwa mwaka 1953 kufundisha watumishi wa serikali za mitaa za kikoloni ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Baadaye wakaja Chuo Kikuu cha Waislamu na Chuo cha Jordan.

Na kuna Mazimbu. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walijenga pale shule yao mwishoni mwa miaka ya 1970, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya SUA. Mwanachuo anayekimbilia kipindi cha hesabu pale Mazimbu anakanyaga ardhi ambayo vijana wa rika lake waliikanyaga wakiwa wakimbizi, na baadhi yao wamezikwa palepale.

Nimeirudia historia hii kwa sababu moja. Kiwanda kilileta mzazi mwenye familia, aliyelipwa kila mwisho wa mwezi, akajenga, akazeeka hapa, watoto wake wakawa watu wa Morogoro. Chuo kinaleta kijana mwenye godoro, begi na simu, anayekuja kwa miaka mitatu au minne huku tarehe ya kuondoka inajulikana. Tulibadilisha aina ya watu wanaotulisha, lakini hatukubadilisha jinsi tunavyoishi nao.

Raha zake

Tusiwe watu wa kulalamika tu. Raha zipo, na nitaanza na ile ambayo kila mtu anaijua: bumu.

Mwanachuo mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupewa fedha za chakula na malazi, ambazo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 hupigiwa hesabu ya Sh. 10,000 kwa siku, kutoka Sh. 8,500. Haziji kila siku. Huja kwa mkupuo wa siku kama 60, yaani Sh. 600,000 kwa pamoja. Siku hiyo mji mzima unajua. Haitangazwi redioni, lakini muuza vocha anajua, kinyozi anajua, na kuku wa kukaanga wanaisha saa mbili usiku.

Nendeni kwa mama lishe wa karibu na chuo siku hiyo. Juu ya meza yake, pembeni ya ndoo ya kunawia, kuna daftari lenye jalada lililochakaa kwa mafuta. Majina yaliyomo hayana ubini: Juma Misitu, Neema Mifugo, Mrefu wa Hosteli, Yule wa Miwani. Mbele ya kila jina kuna vistari, na kila kistari ni sahani ya wali maharage iliyokwishaliwa. Vijana wanapanga foleni walipe kabla ya kula. Mama anahesabu vistari kwa ncha ya kalamu, anataja deni kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mtu, anapokea, anapiga mstari juu ya jina. Kabla ya jioni mwenye duka aliyempa mchele kwa mali kauli naye ameshalipwa, na aliyeliletea duka mchele kutoka Kilombero amepigiwa simu. Wiki chache baadaye vistari vinaanza upya. Huo ndio uchumi wetu, na mnauona una heshima yake: unaendeshwa kwa kuaminiana, baina ya mama na kijana ambaye mama hajui hata anatoka wilaya gani.

Raha ya pili ni huduma. Mji wa ukubwa wetu usio na vyuo usingekuwa na steshenari kila baada ya hatua ishirini, intaneti ya kasi mitaani, mafundi wa kompyuta, wala mtu wa kukukaangia zege la chipsi na mayai saa sita usiku. Na bei ya chakula hairuki hovyo, kwa sababu mwanachuo ni mteja anayeweza kutembea kilomita nzima kwa ajili ya tofauti ya shilingi mia mbili.

Raha ya tatu ni ujana. Miji mingi hupeleka vijana wake Dar es Salaam na kubaki na wazee na watoto. Kwetu vijana wanakuja. Kwaya za makanisa hazikosi sauti ya nne, misikiti haikosi wasomaji, viwanja havikosi timu. Mtoto wa Mafiga au Magadu anakua akiona wasichana wenye makoti meupe wakienda maabara. Hana haja ya kuhubiriwa kwamba msichana anaweza kuwa daktari wa mifugo, maana msichana huyo amepanga jirani.

Raha ya nne ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo tunayoitumia kidogo kuliko zote: kuishi karibu na watu wanaojua mambo. Wakulima wa Mgeta, juu milimani, wanafuga mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa kupitia SUA mwishoni mwa miaka ya 1980. Nafasi mlimani ni finyu, ng'ombe hana pa kulishwa, lakini mbuzi anafungwa bandani na kuletewa majani. Nyumba ambayo haikuwa na maziwa ikapata maziwa. Hivyo ndivyo ujirani wa chuo unavyotakiwa uwe.

Na kuna panya. Mnacheka, lakini panya buku, huyuhuyu anayetuchimbia mashamba, anafundishwa hapa Morogoro na shirika la APOPO, lililoweka kambi yake SUA tangu mwaka 2000, anuse mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania na kupelekwa Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020. Alipostaafu alikuwa amefichua mabomu ya ardhini zaidi ya 70. Mji uliompeleka panya kuokoa miguu ya watoto wa Asia hauna sababu ya kujidharau.

Karaha zake

Sasa niingie upande wa pili, na nianze na kalenda. Sisi wakazi wa mji wa chuo hatuishi kwa miezi, tunaishi kwa mihula. Kuanzia Novemba mji umeshiba, kuanzia Agosti mji una njaa. Mfano hai tuliupata mwaka 2020. Machi 18 Serikali ilitangaza kufungwa kwa vyuo kwa sababu ya korona, na vyuo havikufunguliwa hadi Juni 1. Ilikuwa zaidi ya wiki kumi. Vijana waliondoka ndani ya siku chache tu, na wengi walidhani watarudi baada ya mwezi, wakaacha vyombo vyao vimefungiwa ndani. Ndipo tulipojua kiasi tunachowategemea. Steshenari zilifunga, vibanda vya chipsi vikafunga, bodaboda wakakaa kivulini wakicheza drafti. Wenye nyumba tukawa na vyumba vilivyojaa mali za watu na visivyoingiza senti. Tulikuwa tumetoka kwenye kutegemea viwanda tukaingia kwenye kutegemea kitu kimoja tena.

Karaha ya pili ni pango, na hapa nasema kama mhusika. Bumu ni la siku 60. Mwenye nyumba wa mji huu anataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Hesabu hizo hazikutani popote. Asiye na mzazi wa kumsaidia huunganisha nguvu na wenzake: wanne ndani ya chumba cha wawili, magodoro yanayosimamishwa ukutani asubuhi na kulazwa usiku, mtungi mmoja mdogo wa gesi, na nyaya tatu zinazonyonya kwenye soketi moja. Luku inapoisha kabla ya wakati, ugomvi unaanza: nani alichemsha maharage kwa umeme?

Sisi wenye nyumba tulipoona hivyo tukajanjaruka. Tukaacha kupangisha chumba, tukaanza kupangisha vichwa. Ukishapangisha vichwa, familia haikufai tena. Baba mwenye mke na watoto watatu anahesabika vichwa vitano na mfuko mmoja. Ndiyo maana fundi seremala, muuguzi na mwalimu wa shule ya msingi, watu wanaouendesha mji huu mwaka mzima, wanasogezwa pembeni, Kihonda na mbele ya Kihonda, na nauli inawala asubuhi na jioni. Kosa si la mwanachuo. Yeye mwenyewe anakamuliwa. Lakini wawili hao, mwanachuo na mwalimu wa msingi, wamegeuzwa washindani wa chumba kimoja bila kujua.

Kuna kijiji kilichoonyesha jambo hili waziwazi kuliko mjini. Ukiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga kwenda Mzumbe, utakikuta Changarawe. Kilikuwa kijiji cha wakulima kando ya chuo. Leo ni safu za vyumba, maduka na vibanda. Aliyekuwa na shamba akalikata viwanja na kuuza. Aliyenunua akajenga vyumba kumi. Aliyeuza amebaki na fedha kwa muda, kisha akabaki bila shamba wala fedha, na mtoto wake anawachotea maji wapangaji. Anayekiangalia kwa mbali anaona maendeleo. Anayeishi pale anajua ni nani aliyeendelea.

Karaha ya tatu ni ugeni usiokwisha. Mtaani kwangu simjui jirani wa nyumba ya tatu, kwa sababu kila mwaka ni mwingine. Mwizi wa kompyuta mpakato anaingia mchana na begi mgongoni, na hakuna anayemuuliza, maana kila mtu ana begi mgongoni. Mwenyekiti wa mtaa anapoitisha mkutano, wanachuo hawaji: hawaoni kama mtaa ni wao, na ukweli ni kwamba hatujawaambia kama ni wao.

Ugeni huo una gharama hata katika takwimu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 471,409 katika Manispaa ya Morogoro, kutoka 315,866 mwaka 2012. Ongezeko ni kubwa. Lakini usiku wa kuhesabiwa ulikuwa wa kuamkia Agosti 23, msimu ambao wanachuo huwa wametawanyika nchi nzima. Kijana anayekunywa maji ya Bwawa la Mindu miezi tisa, anayetumia zahanati yetu na kutupa taka katika dampo letu, anaweza kuwa amehesabiwa Kasulu au Tarime. Tunapopanga maji, mabomba na mitaro, tunampangia mtu wa Agosti, halafu Novemba anakuja mwenziwe.

Karaha ya nne haizungumzwi hadharani, kwa hiyo nitaizungumza. Mji wa chuo una vijana wa aina mbili wenye umri mmoja. Mmoja ana kitambulisho cha chuo shingoni, mwingine ana kofia ya bodaboda. Huyu wa pili anajua ratiba ya vipindi kuliko msajili, kwa sababu kipindi kinapokwisha ndipo abiria wanapotoka. Anajua majina ya kumbi zote za mihadhara. Hajawahi kuingia hata moja. Kila siku anampeleka mwenziwe hadi mlangoni na kugeuza pikipiki. Halafu tunashangaa mapenzi yanapoleta ngumi kwenye baa, au mwanachuo anapoitwa mwenye dharau na bodaboda kuitwa mhuni. Tumewaweka wanaolingana miaka pande mbili za lango moja, na hatujawapa jambo lolote la kufanya pamoja isipokuwa kulipana nauli.

Na wanachuo wenyewe wana malalamiko yao. Wanasema kuna bei ya mwenyeji na bei ya mwanachuo, na hawaongopi. Wanasema mji unawacheka wanapodisko, yaani wanapofukuzwa chuo kwa kufeli, wakati mji huohuo uliwauzia pombe wiki ya mitihani. Nayo niliona niyataje, nisije nikaonekana nimeletwa hapa na umoja wa wenye nyumba.

Miji mingine ilivyofanya

Ugomvi wa mji na chuo haukuanzia kwetu. Oxford, Uingereza, Februari 10 mwaka 1355, wanafunzi wawili walikataa mvinyo waliouziwa kwenye kilabu, wakasema ni mbovu. Maneno yakawa ngumi, ngumi zikawa mishale, na mapigano yakaendelea siku tatu. Watu wengi walikufa. Mfalme aliupendelea upande wa chuo, na viongozi wa mji wakatakiwa kila mwaka kwenda kanisani kutubu na kulipa senti kwa kila mwanafunzi aliyeuawa. Adhabu hiyo ilidumu hadi mwaka 1825. Suluhu rasmi ilifanywa mwaka 1955, miaka 600 baada ya ugomvi, meya wa mji alipopewa shahada ya heshima. Niwakumbushe chanzo: biashara. Mji uliwauzia, wanafunzi wakaona wamepunjwa. Mahali ambapo kinachowaunganisha watu ni kuuza na kununua peke yake, kikombe kimoja cha mvinyo mbovu kinatosha.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, na nauona una faida kubwa kuliko wa Oxford. Kabla ya neno chuo kikuu kutamkwa pwani hii, Lamu ilikuwa mji wa elimu. Mwishoni mwa karne ya 19, Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alianza kufundisha pale, na kutokana na kazi yake ukasimama Msikiti wa Riyadha katika upande wa Langoni. Wanafunzi walifika kutoka pwani nzima na visiwani, na kutoka huko wakaenda kufundisha mbali. Riyadha ilikuwa na ugomvi wake pia. Habib Swaleh aliwakalisha darasani watu ambao waungwana wa mji hawakupenda kuwaona darasani: wageni, watu wa hali ya chini, wana wa waliokuwa watumwa. Baadhi ya wakubwa walimpinga. Lakini mji ukabadilika, na Maulidi ya Lamu yanayokusanya maelfu kila mwaka yana asili yake hapo.

Tofauti ya Oxford ya 1355 na Lamu ya Habib Swaleh naiona hivi. Oxford ilikaa nje ya lango ikifanya biashara. Lamu iliingia ndani ikakaa mkekani. Mbeba maji wa Langoni aliposoma Riyadha, Riyadha ikawa yake. Ndiyo maana naipima Morogoro kwa swali hili: ukiacha walioajiriwa, ni nani wa mji huu anaweza kusema chuo ni chake?

Mgeni wa siku ya tatu

Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji wetu umeishi kwa methali hiyo tangu viwanda vilipofungwa. Lakini wahenga waliacha na nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumewapokea wageni wetu kwa miaka zaidi ya hamsini na hatujawapa jembe. Katika mji wa chuo cha kilimo, hilo ni jambo la kujiuliza.

Jembe ninalolisema ni maswali. Kila mwanachuo wa mwaka wa mwisho hutafuta mada ya utafiti, na wengi huhangaika usiku kucha wasijue waandike nini. Wakishaipata, wanakuja mitaani na madodoso. Wanahoji wauza nyanya, wafuga kuku, mama lishe. Mama mmoja wa sokoni aliniambia, "Kaka, mimi nimeshahojiwa hadi najua swali linalofuata." Nikamuuliza kama amewahi kuletewa majibu. Akacheka. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, inafungwa kwa jalada gumu, inawekwa rafu ya maktaba, mwenyewe anavaa joho Novemba, anapigwa picha na maua shingoni, anapanda basi Msamvu. Mama amebaki na nyanya zake zinazooza kila masika kama kawaida, na jibu la kwa nini zinaoza huenda liko kilomita tatu kutoka kwenye genge lake.

Kwa hiyo nina mapendekezo manne, na hakuna linalohitaji mfadhili.

La kwanza linatuhusu wenye nyumba. Tuache kudai miezi sita kwa watu wanaopata fedha ya miezi miwili. Tukubaliane kodi ya siku 60 kwa 60, kwa mkataba wa maandishi unaopitishwa ofisi ya mtaa, na atakayelipa hivyo awe na haki ya kubaki chumbani msimu wa likizo kwa nusu ya kodi. Tutapoteza ile raha ya kushika kitita, lakini tutapata mpangaji anayekaa miaka yote, na pengine tutabakiwa na nafasi ya fundi seremala.

La pili linawahusu wahadhiri. Mwanachuo yeyote anayefanya utafiti katika mtaa wetu, kabla hajasainiwa kazi yake, aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili: niliuliza nini, nimekuta nini, ningeshauri nini. Ukurasa huo ubandikwe ofisi ya mtaa na usomwe kwenye mkutano wa wananchi. Asiyeweza kumweleza muuza nyanya alichokigundua kuhusu nyanya, nina mashaka kama amekigundua.

La tatu linatuhusu sote. Pale SUA ipo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine. Ni ya taifa, na sisi ni sehemu ya taifa. Walimu wa sekondari za mji huu waandike barua, waombe siku maalumu za wanafunzi wao kuingia. Bodaboda wa kijiwe cha getini nao waombe siku yao. Wakikataliwa tujue wamekataliwa, maana mpaka leo hatujaomba.

La nne ndilo kiini. Kila Oktoba, kabla vyuo havijafunguliwa, kila mtaa ukae kikao kimoja uandike maswali matano unayotaka yajibiwe. Kwa nini nyanya za Mgeta zinashuka bei hadi kumwagwa? Kwa nini Mindu inajaa tope? Kwa nini vifaranga vya wiki tatu vinakufa mtaa huu na si mtaa ule? Ni kiasi gani cha fedha kinachoingia Soko Kuu la Chifu Kingalu kinatoka kwa wanachuo, na kikikosekana tufanye nini? Maswali hayo yapelekwe kwenye idara za vyuo, yabandikwe ubaoni. Mwanachuo anayetafuta mada atayakuta, na anapokuja mtaani kuhoji, atakuja kwa watu waliomwita. Mtaa ulioagiza jibu hautasahau kulidai.

Sisemi kwamba tukifanya hivyo karaha zote zitakwisha. Muziki utapigwa usiku, Agosti itakuwa kavu, na vijana watagombana kwa sababu ni vijana. Na sasa treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, basi huenda hata wahadhiri wetu wakahamia huko na kuja asubuhi na kurudi jioni. Hilo linanifanya niharakishe. Wateja wanaweza kuhamishwa na treni, na mji uliozoea kuuza tu utakosa la kufanya. Mji ulioanza kuuliza utakuwa na la kuwadai hata hao wa kwenda na kurudi.

Mwenyekiti wa mtaa wetu ameketi mstari wa pili, kwa hiyo nitaanza mimi mbele ya shahidi. Swali langu nimeshaliandika: kwa nini maji ya kisima chetu yanabadilika rangi kila masika, na je, ni salama kunywewa? Namtafuta mwanachuo wa kulijibu kwa Kiswahili. Chumba kipo, na kodi ni ya miezi miwili miwili.